Programu yako inafanana na ya mtu mwingine? Jipime hivi kabla hujaitoa, na fanya hivi ukipata barua ya wakili

Maswali yanayokuja ni yale yale. "Nimetengeneza aplikesheni inafanana na ya kampuni fulani, naweza kushtakiwa?" "Nimebadilisha rangi na jina, inatosha?" "Mbona fulani kaiga waziwazi na hajaguswa?" Na majibu anayopewa mtu huwa ni mawili tu, huyu anamwambia usiogope bana kila mtu anaiga, yule anamwambia futa fasta utafilisiwa, na wote wawili wanampoteza. Kwahiyo naandika hatua kwa hatua, ukizifuata mpaka mwisho utakuwa na faili lako mkononi na utajua umesimama wapi.

Kesi nyingi nitakazotaja ni za Marekani kwa sababu ugomvi huu ulipiganwa sana kule tangu miaka ya 1980, na pia kwa sababu ukiweka programu yako Google Play au App Store, hata kama unakaa Mbagala au Kisumu, malalamiko dhidi yako yanaweza kupita kwenye utaratibu wa sheria ya Marekani. Kwetu msingi haupishani sana. Mkataba wa TRIPS, ule wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za ubunifu, ambao Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zimo, unasema hakimiliki inalinda namna ulivyoeleza jambo, hailindi wazo, utaratibu wala njia ya kufanya kazi, na programu ya kompyuta inalindwa kama kazi ya maandishi.

Kitu cha kushika kuanzia sasa: achana na swali la "zinafanana?". Jiulize zinafanana kwenye kitu gani hasa, na hicho kitu kina mwenyewe au hakina. Hatua zote hapa chini ni kulijibu hilo swali, kitu kimoja baada ya kingine.

Kabla hujaanza, kusanya hivi

- Skrinishoti za skrini zote za programu yako na za ile ya mwenzako, ziwe na tarehe.
- Historia ya msimbo wako tangu siku ya kwanza (git inatosha, ila usiifute wala kuibadilisha).
- Kila leseni, mkataba na masharti ya matumizi uliyoyakubali, hata yale uliyobonyeza "nakubali" bila kusoma.
- Orodha ya walioifanya kazi na walikokuwa wanafanya kazi kabla ya hapo.
- Aikoni, fonti, picha na sauti zimetoka wapi.
- Programu nyingine tatu nne za aina hiyo hiyo, hasa za zamani kuliko zote mbili.
- Jedwali tupu, la Excel au hata daftari.

Hiyo ya programu za zamani watu wanaipuuza sana, afu ndo inayookoa kuliko zote. Utaona.

Hatua ya 1: Orodhesha kila kinachofanana

Andika kila kimoja kwenye mstari wake. Usiandike "skrini ya mwanzo inafanana". Andika: batani ya kutuma pesa iko juu kulia, menyu ina vipengele sita kwa mpangilio huu, aikoni ya pochi ni ya bluu na ina mkunjo kushoto, ukifuta kitu kinatetemeka kwanza.

Ndivyo kesi kubwa kuliko zote za aina hii ilivyoendeshwa. Tarehe 17 Machi 1988 Apple iliwashtaki Microsoft na Hewlett-Packard, ikisema Windows ya Microsoft na NewWave ya Hewlett-Packard zimechukua mwonekano wa Macintosh. Apple walitaka mahakama itazame mwonekano mzima kwa pamoja. Mahakama ikataka orodha. Ikatoka orodha ya vitu 189 na kesi ikaenda kitu kwa kitu.

Hatua ya 2: Toa vilivyo kwenye leseni, na soma ulichosaini

Hapo ndo Apple walipoumia. Mwaka 1985 walikuwa wamesaini makubaliano na Microsoft kuhusu Windows ya kwanza, na jaji akaona vitu 179 kati ya 189 vimeshafunikwa na yale makubaliano. Vikabaki 10! Karatasi moja ya zamani ilimaliza karibu kesi nzima kabla hata hawajaanza kubishana nani kabuni nini.

Karatasi hiyo hiyo inaweza kukuua wewe pia. Kampuni ya Uingereza ya World Programming ilitengeneza programu inayofanya kazi kama ile ya takwimu ya SAS. Hawakuwahi kuona msimbo wa SAS, walinunua toleo la kujifunzia wakawa wanaangalia linavyofanya kazi. Mahakama ya Ulaya ikasema mwaka 2012 kwamba utendaji wa programu na lugha yake havilindwi na hakimiliki ya programu, Uingereza wakashinda. Ila Marekani juri (raia wanaoamua kesi mahakamani) ikaona wamevunja masharti ya lile toleo la kujifunzia, waliyoyakubali kwa kubonyeza tu, na pia ikawakuta na udanganyifu, na hukumu ikafika dola milioni 79. Programu ni ile ile na mwenendo ni ule ule, kilichobadilika ni kile kibonyezo.

ONYO: kama uliwahi kuonyeshwa programu ya mwenzako kwa siri kabla haijatoka, labda mlikuwa mnaongea biashara au walitaka uwasaidie kitu, usitengeneze ya kufanana nayo kabla ya kuongea na wakili. Mwaka 2012 Spry Fox waliwashtaki waliotengeneza mchezo wa Yeti Town wakidai watu hao waliuona mchezo wao Spry Fox, Triple Town, chini ya makubaliano ya siri, jaji akakataa kuitupa kesi, na wale wakaishia kumalizana nje ya mahakama.

Hatua ya 3: Chuja

Hii ndo hatua yenyewe kwahiyo usiikimbie. Tangu mwaka 1992, kwenye kesi ya Computer Associates na Altai, mahakama nyingi za Marekani zinapitisha kila kitu kwenye chujio kabla ya kulinganisha. Kwenye jedwali lako weka safu ya pili, na kila mstari uupe herufi moja:

A. Ni wazo au kazi tu. Kutuma, kutafuta, kupangilia kwa tarehe, madirisha yanayolaliana. Hivi havina mwenyewe kwenye hakimiliki.

B. Hakuna namna nyingine ya maana ya kukifanya. Kalenda ya mwezi itakuwa na siku saba upana, hamna ujanja.

C. Kila mtu kwenye biashara hiyo anacho. Hapa ndo zile programu za zamani zinapofanya kazi, ukionyesha kwamba kikapu cha ununuzi kilikuwa juu kulia kwenye programu tano kabla ya ya mwenzako kuzaliwa, ule mstari umeshaondoka.

D. Mwenzako mwenyewe alikichukua kwa mtu mwingine, au kiko wazi kwa wote.

E. Kimebaki. Yani ni ubunifu wake na angeweza kukifanya kwa namna nyingine nyingi.

Kwenye kesi ya Apple, baada ya leseni na chujio, alichoona jaji kinaweza kulindwa ni kidogo mno, ikiwemo aikoni ya kikapu cha takataka na za folda kwenye NewWave ya Hewlett-Packard. Mahakama ya rufaa ikakubaliana naye mwaka 1994, na Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza mwaka 1995.

Menyu ndo zinazowasumbua watu zaidi. Borland walipotengeneza Quattro Pro, programu ya majedwali kama Excel, waliweka menyu yenye maneno na mpangilio ule ule wa programu pinzani ya Lotus 1-2-3, amri 469 kwenye menyu zaidi ya 50, ili mtu aliyezoea Lotus ahame bila kujifunza upya na zile makro zake (amri alizozipanga zijiendeshe zenyewe) ziendelee kufanya kazi. Lotus wakashtaki mwaka 1990, wakashinda mahakama ya kwanza. Mwaka 1995 mahakama ya rufaa ikageuza ikasema menyu ile ni njia ya kuendeshea programu, kama vile batani za deki ya video, huwezi kumiliki batani ya kucheza na ya kusimamisha. Ikaenda juu kabisa, majaji wakagawana 4 kwa 4 Januari 1996 kwa sababu mmoja alijitoa, kwahiyo hukumu ya rufaa ikabaki ila haikuwa msimamo wa nchi nzima.

Kwahiyo menyu ya kazi, yenye maneno ya kawaida kwa mpangilio wa kawaida, mpe A kwa tahadhari. Ukianza kuchukua na maneno yake ya kuchekesha, maelezo marefu ya msaada, michoro ya pembeni, hizo ni E.

ONYO: usidanganye kwenye herufi. Hili jedwali unalifanya kwa ajili yako, ukijipa A mahali pa E unajichimbia mwenyewe.

Hatua ya 4: Linganisha zile E tu

Sasa weka skrinishoti pembeni kwa pembeni. Ukiona E mbili tatu za hapa na pale, zinarekebishika kirahisi. Ukiona E zimejazana skrini nzima, una tatizo hata kama hujachukua mstari mmoja wa msimbo.

Mfano ninaompa kila anayesema "mimi nimechukua sheria za mchezo tu" ni Mino. Kampuni ndogo, Xio Interactive, ilitengeneza mchezo wa kwenye iPhone unaofanana na Tetris. Hawakujificha, walikubali kwamba wameiga, na walikuwa wamejisomea sheria kabla wakajua sheria za mchezo hazina mwenyewe. Na jaji alikubaliana nao kabisa kwenye hilo, vipande vinavyoshuka, ukijaza mstari unafutika, hayo ni ya kila mtu. Kilichowaangusha Mei 2012 ni jinsi walivyovichora. Vipande vina umbo lile lile, rangi zile zile zinazong'aa na mistari ya kugawa viboksi, uwanja ni 20 kwa 10 vilevile, kuna kivuli cha kuonyesha kipande kitakapotua, kipande kinachofuata kinaonyeshwa pembeni, kikitua rangi inabadilika, ukishindwa uwanja unajijaza wenyewe. Jaji akaona vyote hivyo vingeweza kuchorwa kwa namna zisizo na idadi na mchezo ungechezeka bado. Akasema kama inabidi ukaze macho ndo uone tofauti, basi ni kitu kimoja.

Kipimo changu ni hicho hicho. Mpe simu mtu asiyejua chochote kuhusu kazi yako, mwonyeshe skrini moja moja bila majina, muulize hii ni ya nani. Akikaza macho, rudi kazini.

Hatua ya 5: Kagua haki nyingine nje ya hakimiliki

Watu wengi wanaishia hatua ya 4 na wanaingia mtaroni hapa. Kuna alama za biashara (jina, nembo, wakati mwingine hata muonekano wa jumla unaomtambulisha mtu), kuna dizaini zilizosajiliwa, na kuna patenti (haki ya uvumbuzi). Hizi hazijali sana hoja ya "ni wazo tu".

Angalia Apple na Samsung. Kati ya dizaini zilizobishaniwa mojawapo ilikuwa ya aikoni zenye kona za mviringo zilizopangwa kwa safu kwenye skrini, imesajiliwa. Agosti 2012 juri ikasema Samsung walipe dola zaidi ya bilioni 1, wakavutana mpaka Mahakama Kuu mwaka 2016 kuhusu namna ya kukokotoa faida, juri nyingine ikasema dola milioni 539 Mei 2018, na mwezi uliofuata wakamalizana. Kampuni ile ile ya Apple iliyoshindwa kwa hakimiliki miaka ya tisini ilirudi na dizaini zilizosajiliwa ikavuna.

Kwahiyo tafuta kwenye sajili za nchi unakouza. Tanzania bara alama za biashara ziko BRELA, Kenya alama na dizaini ziko KIPI. Marekani na Ulaya sajili zao ziko wazi mtandaoni na hulipii kutafuta.

Hatua ya 6: Rekebisha kwa utaratibu, usipake rangi

Zile E zibadilishe kuanzia kwenye wazo la mchoro, usibadilishe rangi ukaiacha sura. Na kama tatizo liko kwenye msimbo wenyewe, fanya walivyofanya Altai.

Altai waliajiri programa kutoka Computer Associates, akaja na msimbo wa kule akauingiza kwenye programu yao ya OSCAR, karibu asilimia 30 ilikuwa ya watu, na bosi hakujua. Siku waliyoshtakiwa mwaka 1988 ndo wakagundua. Wakafungia ule msimbo. Wakachukua maprograma wanane ambao hawakuwahi kugusa toleo lile, wakawapa maelezo tu ya kazi gani inatakiwa kufanyika, wakawakataza kuongea na yule wa kwanza, wakaandika upya kwa takriban miezi sita. Mahakama ikawalipisha dola 364,444 kwa toleo la zamani kwa sababu ule ulikuwa wizi wa wazi. Kwa toleo jipya, hakimiliki haikuwagusa.

Hata kama mko wawili tu inawezekana: mmoja anaangalia programu ya mwenzenu anaandika kwa maneno inafanya nini, mwingine hajawahi kuifungua na ndiye anayeandika. Mawasiliano yenu yote yawe ya maandishi na yatunzwe.

Hatua ya 7: Funga faili

Jedwali, skrinishoti, historia ya msimbo, michoro ya awali ya mkono hata ile mibaya. Weka nakala sehemu mbili. Rasimu zako zilizochakaa ndo zinazoonyesha kwamba umefika pale kwa njia yako. Unaweza pia kuandikisha kazi yako kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA, COSOZA kama uko Zanzibar, au KECOBO Kenya, haki yako haitegemei kuandikisha ila ule uthibitisho wa tarehe unasaidia.

Ukishapata barua au notisi

1. Usifute kitu. Najua mkono unawasha. Kufuta historia au kubadilisha tarehe baada ya kupata barua kunaweza kugeuza kesi nyepesi kuwa nzito.
2. Usijibu usiku ule ule, na usiende kuposti. Usiandike "ndio nimeiga lakini..." popote.
3. Soma wanalalamikia nini: hakimiliki, alama, dizaini, patenti au mkataba. Kila moja ina jibu lake.
4. Kama barua inasema tu "mwonekano na hisia" (look and feel, yani programu inavyoonekana na inavyotumika kwa ujumla), jibu kwa heshima ukiomba wataje vitu kimoja kimoja na haki wanayodai kwa kila kimoja. Afu uvipitishe kwenye jedwali lako.
5. Kama ni notisi ya hakimiliki kupitia Google Play, unaweza kupeleka notisi ya kupinga. Kwa sheria ya Marekani baada ya hapo kitu kinarudishwa kati ya siku 10 na 14 za kazi, isipokuwa mlalamikaji afungue kesi. Lakini elewa unachosaini: unaapa kwamba unaamini kimetolewa kimakosa, jina na anwani yako vinaenda kwa mlalamikaji, na unakubali mamlaka ya mahakama ya Marekani. Usiipeleke kwa hasira. Apple wao kwa kawaida wanawaunganisha wewe na mlalamikaji kwa barua pepe mmalizane. Malalamiko ya alama ya biashara hayapiti njia hii ya kupinga.
6. Zikija karatasi za mahakama yenyewe, wakili siku hiyo hiyo. Tarehe ya kujibu ikipita unaweza kuhukumiwa bila kusikilizwa.

Ukikwama

*"Nimebadilisha asilimia 30, si inaruhusiwa?"* Hakuna asilimia kama hiyo kwenye sheria, sijui ilianzia wapi ila imeponza wengi. Kilichobaki kikiwa ni E na ni cha muhimu, kidogo tu kinatosha kukuangusha.

*"Mteja wangu kasema anataka iwe kama ile ya fulani."* Shirika la ndege la easyJet lilikuwa mteja wa kampuni ya Navitaire, likataka kutengenezewa na watu wengine mfumo mpya wa kukatia tiketi unaofanya kazi kama ule wa Navitaire, bila kuchukua msimbo. Mahakama ya London mwaka 2004 ikasema utendaji ule ni huru, lakini ikakuta aikoni na baadhi ya skrini zimevunja hakimiliki. Kwahiyo mpe mteja kazi ile ile kwa sura nyingine, na mkataba wenu useme maelekezo yametoka kwa nani.

*"Nimetumia majina ya amri za watu ili programu ziongee."* Aprili 2021 Google walishinda dhidi ya Oracle, majaji 6 kwa 2, kuhusu mistari kama 11,500 ya Java kwenye Android, kwa hoja ya matumizi ya haki (fair use, yani sheria inakuruhusu kutumia kiasi fulani bila ruhusa ya mwenyewe). Ilichukua zaidi ya miaka kumi na mawakili wa bei. Wewe chukua kile tu ambacho bila hicho programu haziwezi kuongea.

*"Nina uhakika nitashinda, kwa nini nibadilishe?"* Borland walishinda. Ila Quattro Pro walishaiuza kwa Novell mwaka 1994, mwaka mmoja kabla ya rufaa. Kama kubadilisha aikoni nne kunakuchukua jumamosi moja, badilisha.

*"Mimi ndo nimeigwa."* Anza hatua ya 1 hiyo hiyo, ila sasa zile E ndo mali yako. SAS, wale wa dola milioni 79, walirudi na dai la hakimiliki Marekani, na Aprili 2023 mahakama ya rufaa ikakubali litupwe kwa sababu hawakuonyesha ni kipi hasa kilichobaki baada ya kuchuja. Kwahiyo kabla hujamlipa wakili hata shilingi, mpelekee lile jedwali likiwa limejazwa mpaka safu ya pili.